Kelele, vijeba na wazazi wasiofika

*Kibaha na Kisarawe zina viwanja, walimu na watoto wanaojua mpira. Kinachobishaniwa ni nafasi ya mzazi.*

Fainali ya kombe la mtaa kwa watoto wa chini ya miaka 15 huchezwa Jumamosi alasiri, jua likishapungua makali, kwenye kiwanja cha shule ya msingi ambacho nyasi zake zimebaki kwenye kona tu. Goli moja lina nyavu zenye matundu, la pili halina nyavu kabisa. Zawadi ya mshindi imefungwa kwenye mkorosho: mbuzi mmoja. Jezi za mshindi wa pili zimewekwa mezani, mbele ya kiti cha mgeni rasmi.

Refa ni kijana aliyemaliza kidato cha nne. Mshika kibendera wa upande mmoja ni mwalimu, wa upande wa pili ni mzazi aliyeombwa pale pale. Mtoto anaangushwa ndani ya eneo la hatari, kipenga hakilii. Mama yake ameshaingia kiwanjani hatua kadhaa. Baba wa timu pinzani anamsihi refa asitishwe na mtu. Nyuma ya goli kuna anayepaza sauti kwamba refa kala hela.

Na beki aliyemwangusha mtoto huyo ana ndevu zilizonyolewa asubuhi. Fomu inasema ana miaka 14.

Mechi za namna hii huchezwa Maili Moja, Kongowe na Mlandizi kwa upande wa Kibaha, na huchezwa Kisarawe mjini, Masaki na Maneromango. Kelele za mama yule husikika na kila mtu, hivyo ndizo zinazokemewa. Uongo ulioandikwa kwenye fomu hausikiki. Uliandikwa nyumbani au ofisini, siku kadhaa kabla ya mechi, na kwa kawaida mzazi alikuwa anajua.

Ardhi ya michezo

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Pwani hazikuanza michezo jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kujenga kituo cha elimu, afya na kilimo Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro. Kituo kilikabidhiwa kwa serikali mwaka 1970 na sasa ni Shirika la Elimu Kibaha. Viwanja vyake vimepokea mashindano ya shule ya ngazi ya taifa, yakiwemo ya mwanzoni mwa miaka ya 2010.

Kibaha hiyo hiyo ina shule zenye jina la Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:32.16 mjini Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Mlandizi kuna uwanja wa Mabatini, ambako watoto wa jirani waliiona Ruvu Shooting ikicheza Ligi Kuu. Kisarawe ina Minaki, shule kongwe kuliko nchi yenyewe.

Ngazi kuu ya mtoto ni mashindano ya shule: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Timu huundwa shuleni, wachezaji huchujwa katika kata, kisha wilaya, kisha mkoa, na wachache hufika taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngazi hiyo iliondolewa, michezo ikionekana kula muda wa masomo, na ikarudishwa baadaye. Wazazi waliosoma kipindi kile wengi wao hawakuwahi kuvaa jezi ya shule, na leo ndio wenye watoto uwanjani.

Pembeni ya shule kuna mchangani: makombe ya madiwani, mabonanza ya sikukuu, ndondo za mtaa kwa mtaa. Mji wa Kibaha unavyozidi kuungana na Dar es Salaam umepata pia vituo vya kulea vipaji ambavyo mzazi huvilipia kwa mwezi. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kidogo. Mzazi aliyelipa anajiona ana hisa katika kikosi, na anataka kujua kwa nini mwanawe amekaa benchi.

Kelele zina kazi gani?

Wako wanaozitetea kelele, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mpira wa Tanzania umelelewa na utani wa Yanga na Simba, klabu zilizoanza mwaka 1935 na 1936. Shangwe, vijembe na mbwembwe ndivyo vinavyomvuta mtu atoke nyumbani. Mtoto atakayecheza mbele ya watu 60,000 Uwanja wa Benjamin Mkapa, wanasema, azoee mapema. Tena kijijini mzazi anayepiga kelele angalau amekuja.

Tatizo ni aina ya kelele. Shangwe hazimzuii mtoto kufikiri. Maelekezo humzuia. Mtoto wa miaka kumi mwenye mpira mguuni husikia kwa wakati mmoja kocha akisema atulize, baba akisema apige, na mjomba akisema ampasie wa kushoto. Anachofanya mara nyingi ni kuubutua mbele ili lawama zimwondokee. Makocha wa vituo vya watoto huona jambo hili kila wiki: mchezaji anayethubutu kupiga chenga mazoezini huacha kabisa siku baba yake anapokuja.

Matusi kwa refa yana hesabu nyingine. Refa wa mechi za watoto mara nyingi ni kijana anayejifunza kazi, na posho yake hailingani na dharau anayoipokea. Sheria ya 5 ya mchezo wa soka inampa mamlaka ya kusimamisha au kuvunja mechi watu wa nje wanapouingilia mchezo. Sheria hiyo haibagui mama mzazi na mhuni. Ila refa wa miaka 19 anayeishi mtaa ule ule anahitaji ujasiri wa pekee kuvunja fainali mbele ya mbuzi na mgeni rasmi, na kamati ya mashindano isiposimama naye hatafanya hivyo.

*Shangwe hazimzuii mtoto kufikiri. Maelekezo humzuia.*

Mwisho wa mambo haya umeshaonekana kwingine. Desemba 2012, mjini Almere, Uholanzi, Richard Nieuwenhuizen alishika kibendera katika mechi ya timu ya mwanawe. Baada ya mechi wachezaji vijana wa timu pinzani walimpiga, na siku iliyofuata akafariki dunia. Chama cha soka cha nchi hiyo kiliahirisha mechi zote za ridhaa za wikiendi iliyofuata. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana sita pamoja na baba wa mmoja wao.

England, chama cha soka kilianzisha mwaka 2008 mpango wa heshima uwanjani, na sehemu yake moja ni rahisi mno: kamba au uzio mwepesi unaowaweka wazazi upande mmoja, hatua chache kutoka kwenye mstari. Kamba haigharimu fedha nyingi. Kwenye viwanja vya shule za Kibaha watazamaji husimama juu ya mstari wenyewe, wakati mwingine ndani yake, na winga analazimika kuwapisha ili apige krosi. Kamba ya katani na vigingi vinane vingemaliza nusu ya ugomvi kabla ya kipenga cha kwanza.

Jambo jingine ni namna mpinzani anavyotajwa. Bayi alipovunja rekodi Christchurch, John Walker wa New Zealand aliyekuwa wa pili naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani. Bayi alikuwa akisukumwa na miguu iliyokuwa nyuma yake. Mzazi anayemwambia mwanawe amvunje yule namba tisa anataka kumwondolea mtoto kile kile kitakachomfanya awe bora.

Umri wa kwenye karatasi

Kijeba, yaani mchezaji aliyezidi umri wa mashindano, anajulikana na kila mtu uwanjani isipokuwa fomu yake. Ndugu yake ni mamluki: mchezaji asiye mwanafunzi wa shule inayomchezesha, aliyeazimwa kwa ajili ya kombe. Kila msimu wa UMISSETA na UMITASHUMTA viongozi huonya juu ya hao wawili, na kila msimu baadhi hurudishwa nyumbani kwenye uhakiki.

Taifa zima liliwahi kulipia jambo hili. Timu ya vijana wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 nchini Gambia, kisha ikaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Zimbabwe ikaenda badala yake. Kikosi kizima cha vijana waliostahili kilibaki nyumbani kwa sababu ya mmoja.

Miaka kumi na miwili baadaye mambo yakageuka. Congo-Brazzaville iliitoa Serengeti Boys kwa faida ya bao la ugenini, Tanzania ikakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja, na Congo, iliposhindwa kumpeleka akapimwe, ikaondolewa. Serengeti Boys ilikwenda kwenye fainali za Gabon Mei 2017, ikatoka sare na Mali, ikaifunga Angola, ikafungwa na Niger. Nchi iliyokuwa mkosaji mwaka 2005 ilikuwa mlalamikaji mwaka 2017, na furaha ilikuwa kubwa mno kiasi kwamba hapakuwa na muda wa kukumbuka.

Kipimo cha umri kinachotumika ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono. FIFA ilianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009 nchini Nigeria. Mfupa wa mkono karibu na kiganja una sehemu ya gegedu inayoendelea kukua utotoni, na ikishafunga kabisa ni nadra sana mwenye mkono huo kuwa na miaka chini ya 17. Cheti kinaweza kutengenezwa, mfupa hautengenezeki.

*Cheti kinaweza kutengenezwa, mfupa hautengenezeki.*

Kiwanja cha kata hakina MRI. Kuna daftari la mahudhurio, kuna cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kwa wenye nacho, na kuna namba ya PReM ambayo Baraza la Mitihani humpa mwanafunzi na ambayo humfuata anapohama shule. Namba hiyo imemfanya mamluki awe na kazi ngumu kuliko zamani. Kijeba bado ana upenyo, hasa pale mtoto alipoandikishwa shule amechelewa, au alipotafutiwa cheti akiwa tayari mkubwa, mwaka wa kuzaliwa ukitajwa na mzazi kwa mdomo.

Hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Kocha hawezi kumpunguzia mtoto miaka miwili bila nyumbani kuridhia. Na mzazi anaporidhia hufanya hivyo kwa mapenzi: mtoto apate nafasi, aonekane, asipitwe. Mwalimu wa michezo naye ana shinikizo lake. Shule ikishinda anapongezwa kwenye kikao, ikishindwa anaulizwa. Kila mmoja humtegemea mwenzake anyamaze.

Anayeumia kwanza ni yule mtoto mwenye miaka 13 ya kweli. Katika umri huo watoto waliozaliwa mwaka mmoja tayari hupishana kimo na nguvu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa balehe haiwafikii siku moja. Ukimwongeza hapo mtu wa miaka 17, mdogo huyo atakimbizwa, atagongwa, na mwisho ataambiwa hana kipaji. Vipaji vingi vya Pwani vinaweza kuwa vimepotea kwa njia hii, na hakuna daftari linalovihesabu.

Kijeba mwenyewe haponi. Anashinda kwa kifua na mbio, hajifunzi kutumia akili kwa kuwa hahitaji. Akifika timu ya wakubwa, ambako wote wana vifua, amebaki mikono mitupu.

Liko pia somo analolipata kimya kimya: kwamba nyumbani kwao matokeo yana uzito kuliko ukweli. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha nchini Marekani majaribio waliyofanya kwa watoto wa darasa la tano. Waliosifiwa kwa akili na waliosifiwa kwa juhudi walipewa baadaye mtihani mgumu, kisha wakatakiwa kumwandikia mtoto wa shule nyingine wasiyemjua alama walizopata. Kati ya waliosifiwa akili, karibu 4 katika 10 waliongeza alama zao. Kati ya waliosifiwa juhudi walikuwa zaidi kidogo ya 1 katika 10. Hakuna aliyewafundisha kusema uongo. Sifa tu ndizo zilizowaonyesha kwamba thamani yao imo kwenye matokeo.

Mazungumzo ya kurudi nyumbani, kwa miguu au juu ya bodaboda, hufanya kazi ile ile. Swali la kwanza likiwa ni mabao mangapi, mtoto ameshaelewa.

Ushirikina nao uko kwenye ukurasa huu huu. Timu za wakubwa huwa na kile kinachoitwa kwa heshima kamati ya ufundi, na mambo yake yameshuka hadi kwa watoto: hirizi kwenye soksi, goli linaloingiliwa kinyumenyume. Mtoto anayeambiwa ameshinda kwa dawa hana sababu ya kufanya mazoezi Jumatatu.

Wazazi wasiofika

Mjadala wa wazazi wenye fujo ni wa mjini zaidi. Ukiiacha Kisarawe mjini na kushika barabara ya kwenda Maneromango, malalamiko ya walimu hubadilika: mzazi haonekani kabisa. Timu ya netiboli inasafiri hadi makao ya kata nyuma ya pikipiki au kwenye gari la mizigo, inacheza, inarudi, na nyumbani hakuna aliyeuliza.

Sababu zake zinaeleweka. Msimu wa korosho na mihogo mikono yote inahitajika shambani. Alasiri mtoto anatakiwa chuoni kusoma Kurani, na mwalimu wa mpira aliyepanga mazoezi saa kumi bila kuongea na ustadhi amejipangia ugomvi. Panapokuwa na mazungumzo, ratiba hupatikana: siku mbili za mpira baada ya Alasiri, siku nyingine za chuo, na Ramadhani mazoezi mepesi au hakuna.

Kwa wasichana kuna zaidi. Desturi ya Wazaramo ya kumweka mwali ndani imefupishwa sana na shule, lakini wazo kwamba msichana aliyevunja ungo hapaswi kukimbia mbele za watu akiwa na kaptura lina nguvu bado. Netiboli hupoteza wachezaji wake wazuri katika darasa la sita na la saba, wengi bila jeraha wala ugomvi na mtu. Shule zilizoruhusu suruali ndefu na hijabu kwenye mazoezi, na kumkabidhi timu mwalimu wa kike, zina hoja ya kumpelekea mzazi. Maji ya kuchota jioni ni kikwazo kisicho na hoja ya kukijibu, isipokuwa kaka naye ashike ndoo.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inautaja mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi, matibabu na elimu kama haki ambazo mzazi ana wajibu wa kumpatia mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unaitambua haki ya kucheza na kupumzika katika ibara ya 31. Ni wachache waliowahi kuambiwa hivyo kwenye kikao cha wazazi, ambacho ajenda zake ni chakula cha mchana na matokeo ya mitihani.

Ndoto ya Ulaya

Tangu Mbwana Samatta alipotoka TP Mazembe kwenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016, na kisha Aston Villa mwaka 2020, kila mtaa una mtoto anayeitwa Samatta na mzazi anayeamini. Imani hiyo huvuta watu wenye maneno matamu, wanaotaka ada ya majaribio ya nje.

Kanuni za FIFA ni bayana: ibara ya 19 ya kanuni za uhamisho inazuia mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache zilizoorodheshwa, mojawapo ikiwa familia kuhama kwa sababu zisizohusiana na mpira. Anayemwahidi mtoto wa miaka 14 wa Kisarawe mkataba Ulaya kwa malipo ya mkononi hana anachoweza kukitimiza.

Kanuni hizo hizo zina kitu cha manufaa ambacho makocha wa mchangani hawakifuatilii. Mchezaji akiuzwa nje akiwa mtaalamu, klabu zilizomlea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hustahili mgawo wa ada ya uhamisho, mradi zilimsajili rasmi. Klabu ya mtaani yenye daftari safi, iliyosajiliwa kupitia chama cha soka cha mkoa, COREFA, inaweza kudai. Iliyomwandika mtoto miaka miwili pungufu imechezea kumbukumbu ambazo ndizo ushahidi wake.

Kombe lianze lini?

Norway, mojawapo ya nchi zilizojenga kituo cha Kibaha, ilipitisha mwaka 1987 masharti ya michezo ya watoto ambayo yangezua ubishi mkali kwenye mkorosho wenye mbuzi. Watoto wadogo hucheza karibu na nyumbani. Matokeo na misimamo havitangazwi mpaka mwaka mtoto anaotimiza miaka 11, na ubingwa wa taifa hauruhusiwi kabla ya 13. Waliotunga masharti hayo walilenga watu wazima, maana pasipo msimamo wa ligi hakuna cha kumgombeza mtoto.

Kuyahamishia yote Pwani haiwezekani. Kombe la diwani ndilo linalonunua mipira, na ruzuku ya shule ya msingi, ambayo michezo hupata sehemu ndogo tu, haitoshi kuziba pengo. Mfadhili anataka fainali, picha na mshindi.

Lakini watoto wa darasa la kwanza hadi la nne hawana timu ya mkoa inayowasubiri wala mfadhili anayewagombania. Kwao bonanza la kata linaweza kuendeshwa bila fainali: timu za watoto saba saba, mechi za dakika kumi na tano, vikosi vikichanganywa baada ya kila mechi ili shule moja isichukue kila kitu, na mbuzi, kama lazima awepo, apikwe kwa ajili ya wote. Gharama ni mipira minne na asubuhi moja ya Jumamosi, na fomu ya kuandika umri haihitajiki.